H. G. Wells: Mpinga vita aliyetunga sheria za vita vya sakafuni

MWANDISHI Herbert George Wells anakumbukwa na wengi kwa riwaya zake The Time Machine ya 1895 na The War of the Worlds ya 1898. Wachache wanafahamu kuwa aliwatungia wapenda michezo sheria za vita visivyomwaga damu.

Wells alizaliwa Septemba 21, 1866 mjini Bromley, Uingereza. Babake alikuwa muuza duka na mchezaji kriketi. Mnamo 1874 alivunjika mguu, na siku alizolala kitandani zikamzoesha vitabu. Ufukara ulimsukuma kuwa mwanagenzi katika maduka ya vitambaa, kazi aliyoichukia, hadi alipopata ufadhili wa kusomea sayansi London mnamo 1884.

Mnamo 1913 alichapisha kitabu Little Wars. Kabla yake, mchezo uliosifika zaidi ulikuwa Kriegsspiel, uliochapishwa na afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reiswitz, mnamo 1824. Humo, dadu na majedwali yalionyesha hasara ya kila upande, na mwamuzi akapokea amri za wachezaji. Ulikuwa chombo cha kuwafunza maafisa.

Wells alifuata njia tofauti. Mzinga mdogo wenye springi ulirusha kipande cha mti, na askari aliyeangushwa alihesabiwa kuwa amekufa. Ustadi wa mkono ukachukua nafasi ya dadu. Askari wa miguu alisogea futi 1, wa farasi futi 2, na mzinga haukufyatuliwa bila askari 4 kuwa karibu nao. Majeshi yaliyokabiliana ana kwa ana yaliuana mtu kwa mtu.

Tofauti hiyo si ndogo. Sheria za Reiswitz zilitafuta kufanana na vita halisi. Za Wells zilitafuta wepesi na furaha, hata mtoto aweze kuzifuata.

Hata hivyo, Wells hakuutukuza mtutu wa bunduki. Alimalizia kitabu chake kwa kusisitiza kuwa vita halisi ni upumbavu wenye gharama isiyo kifani. Mwaka mmoja baadaye, Vita Vikuu vya Kwanza vikalipuka. Yeye mwenyewe aliviunga mkono, akitumaini vingekomesha vita vyote. Tumaini hilo halikutimia.

Aliaga dunia London Agosti 13, 1946 akiwa na umri wa miaka 79, mwaka mmoja baada ya mabomu ya atomiki, silaha aliyoibashiri katika riwaya yake ya 1914, kuteketeza Hiroshima na Nagasaki.

Mbegu yake, lakini, ilimea. Mnamo 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, ambapo mchezaji huongoza mhusika mmoja badala ya jeshi zima. Dadu ilirejea, na mwamuzi akawa msimulizi. Gygax aliandika dibaji ya toleo la Little Wars la 2004, akitambua mchango wa mtangulizi wake.