Roosevelt: Rais mstaafu aliyewinda nyati Kamiti

THEODORE Roosevelt alizaliwa New York mwaka wa 1858, mtoto dhaifu mwenye pumu na macho hafifu. Akiwa Rais wa Marekani kati ya 1901 na 1909, alitenga misitu na hifadhi nyingi za wanyama.

Majuma machache baada ya kuondoka Ikulu, aliwasili Mombasa pamoja na mwanawe, Kermit, kukusanya wanyama kwa ajili ya makavazi ya Washington. Miongoni mwa silaha zake ilikuwa Winchester, bunduki ambayo risasi huingizwa kwa kusukuma na kurudisha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Kwa kuwa hakuwa mlengaji stadi, wepesi huo ulimfaa, hasa mbele ya simba.

Mwezi Mei 1909 alikuwa mgeni wa mlowezi McMillan huko Juja. Aidha, aliwinda nyati katika mafunjo ya Mto Kamiti, jirani na Mwihoko ya leo. Hadi safari ilipokamilika mwaka wa 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512.

Mlinzi huyo wa wanyama aliyewaua kwa mamia alifariki Januari 6, 1919. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mwihoko sasa ni makazi ya watu. Nyati hawapo tena.