Florence Baker: Binti wa Nani?

Katika Embu, msichana wa kwanza kuzaliwa hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Kwa hivyo mzee wa Runyenjes au Manyatta akisikia jina lako, huenda akakisia wewe ni wa nyumba gani kabla hujamweleza. Wenzako wa Nkubu na Chuka nao wana desturi zao za kutoa majina, lakini jambo ni moja: jina hubeba ukoo. Ulipokuwa ukijisajili kwa mtihani wa KCSE, ulitakiwa majina yako yaafikiane na ya cheti cha kuzaliwa. Karatasi moja ikitofautiana na nyingine, hata kwa herufi moja, mwalimu mkuu hakuachi.

Mwanamke tutakayemwangalia hapa aliishi na majina matatu au manne, na hakuna hata moja linalotuambia kwa hakika babake alikuwa nani. Wasifu wake tumeuweka katika mwongozo huu ili usomwe pamoja na riwaya ya Chozi la Heri, hasa zile sehemu zinazohusu watoto wa Lunga walioibwa na Sauna na kuuzwa. Mwanafunzi akisoma sehemu hizo hudhani mwandishi ametia chumvi. Hakutia.

Historia humjua kwa jina la Florence Baker. Vitabu vya shule vinamtaja, vikimtaja, kama mke wa Samuel Baker, Mwingereza aliyefika katika ziwa Mwitanzige mwaka 1864 na kuliita Albert. Kwa kawaida husemwa kwamba alizaliwa tarehe 6 Agosti 1841 katika mji wa Nagyenyed, Transylvania, sehemu iliyokuwa chini ya taji la Hungaria na ambayo sasa ni ya Romania, ambako mji huo huitwa Aiud. Wengine husema alizaliwa mwaka 1845. Tofauti ya miaka minne yaweza kuonekana ndogo, na sisi tunao wazee wengi ambao mwaka ulio kwenye vitambulisho vyao ulikadiriwa kutokana na rika walilotahiriwa nalo. Lakini kwa Florence miaka hiyo minne ni nzito. Mnamo Januari 1849, katika vita vya mapinduzi ya Hungaria, Nagyenyed ulivamiwa, watu wengi wakauawa na mji ukachomwa moto pamoja na chuo chake kikongwe na maktaba yake. Ikiwa Florence alizaliwa 1841, alikuwa na miaka saba, umri wa mtoto anayekumbuka sura ya mamake na njia ya kwenda nyumbani. Ikiwa ni 1845, alikuwa na miaka mitatu, na kumbukumbu yake ni ile aliyosimuliwa na wengine.

Mapokezi ya familia ya Baker yanasema kwamba wazazi wake waliuawa katika vita hivyo, naye akaokolewa na kuingia katika msafara wa wakimbizi. Hili linaaminika, kwa sababu mapinduzi yaliposhindwa mnamo Agosti 1849, maelfu ya Wahungaria na Wapoland walivuka na kukimbilia Vidin, mji wa bandari katika mto Danube, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Waturuki. Baadaye wakimbizi wengi waliondolewa Vidin. Msichana huyu alibaki, au aliachwa, mikononi mwa mtu aliyemlea kwa jina la Finnian. Inasemekana mtu huyo alikuwa Mwarmenia, na wengine wanadai jina lake kamili lilikuwa Finjanjian. (Sikio la Mswahili litaitambua finjani ndani yake.) Je, alimlea kama binti au kama mali ya kuuzwa baadaye? Hapo ndipo pana uchungu, kwani huenda yalikuwa yote mawili.

Januari 1859 Samuel Baker alifika Vidin. Alikuwa mjane wa miaka 37. Mkewe wa kwanza, Henrietta, alikuwa amefariki mwaka 1855 na kumwachia mabinti wanne. Ukoo wake ulikuwa tajiri, na sehemu ya utajiri huo ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica na Mauritius, ambako kazi ilifanywa na watumwa. Alikuwa akisafiri kuwinda pamoja na Duleep Singh, maharaja wa Wasikh aliyevuliwa ufalme wake na Waingereza. Barafu ya Danube iliharibu chombo chao, wakakwama mjini. Huko, kwa masimulizi yaliyohifadhiwa, Samuel alimwona msichana huyu akinadiwa. Wapo wanaosema kwamba alimnunua. Wapo wanaosema kwamba pasha wa Vidin alipanda dau juu zaidi, na Samuel akawahonga walinzi akatoroka naye usiku. Toleo la pili linasisimua zaidi, na huenda ndiyo sababu limependwa zaidi. Lililo hakika ni kwamba waliondoka pamoja, na kwamba Samuel alifanya kazi kwa muda katika reli iliyokuwa ikijengwa kati ya Danube na Bahari Nyeusi, msichana akiwa naye. Walizungumza Kijerumani. Kiingereza alijifunza baadaye.

Samuel hakuweza kumpeleka Uingereza. Angemjulisha kwa binti zake kama nani? Akampeleka Afrika. Mnamo Aprili 1861 waliondoka Kairo wakipanda mto Nile. Mnamo Februari 1863 walikutana na Speke na Grant huko Gondokoro, wakaelezwa kwamba kulikuwa na ziwa jingine upande wa magharibi ambalo wageni hao hawakuwa wameliona. Wakaendelea hadi Bunyoro, nchi ya Omukama Kamurasi.

Zingatia kisa kilichotokea huko. Mtu waliyeamini kuwa ndiye Kamurasi alimtaka Samuel amwachie Florence, naye angempa msichana wa Bunyoro badala yake. Samuel akachomoa bastola. Florence akasimama na kumkemea mtawala huyo kwa Kiarabu, huku mkalimani wao, Bacheeta, akiyafasiri maneno hayo bila kuyapunguza makali. Baadaye Samuel aligundua kwamba yule hakuwa Kamurasi hata kidogo. Alikuwa nduguye, Mgambi, aliyewekwa mbele ili mfalme mwenyewe awe salama. Kwa hivyo mwanamke ambaye jina lake halikujulikana alikuwa akibishana na mtu aliyevaa jina la mwingine.

Bacheeta mwenyewe alikuwa mtu wa Bunyoro aliyewahi kushikwa na kufanywa mtumwa katika kambi za wafanyabiashara, na ndiko alikojifunza Kiarabu. Katika msafara huo kulikuwa pia na mvulana aliyeitwa Saat. Katika kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1866, Samuel anatueleza Saat alitoka wapi: alikuwa akichunga mbuzi, mtoto wa takriban miaka sita, Wabaggara wakamnyakua na kumuuza. Florence alimpenda mvulana huyo kama mwanawe. Alikufa kwa tauni mwaka 1865, safari ikiwa inarudi, na Florence hakupata kuzaa mtoto wake mwenyewe.

Sasa linganisha. Asili ya Saat imeandikwa. Asili ya Bacheeta imeandikwa. Asili ya mke wa mwandishi, aliyekuwa hatua chache kutoka kwake kila siku kwa miaka minne, haimo. Msomaji wa mwaka 1866 alimpata Bi. Baker akiwa tayari amekamilika, jasiri na mwenye subira, anayeanguka kwa jua kali karibu na mto Kafu, anayelala siku kadhaa bila fahamu mpaka watu wakaanza kufikiria kaburi, kisha anazinduka na kuendelea hadi Mwitanzige. Walilifikia ziwa tarehe 14 Machi 1864. Katika uchambuzi wa fasihi huwa tunamuuliza msimulizi si tu alisema nini, bali pia alinyamazia nini. Ukimya wa Samuel haukuwa wa bahati mbaya. Alikuwa akimlinda mkewe, na kwa kumlinda alimfuta.

Sababu ya ukimya huo ipo katika kitabu kingine, cha kanisa. Walipofika London, walifunga ndoa kimyakimya katika kanisa la St James, Piccadilly, tarehe 4 Novemba 1865, baada ya kusafiri pamoja kwa karibu miaka saba. Bibi arusi aliandikishwa kwa jina la Florence Barbara Maria Finnian. Hii ni karatasi rasmi, na mwanafunzi mwepesi wa kuamini ataishia hapo: basi babake alikuwa Finnian. Lakini kitabu cha ndoa huandika kile kilichosemwa na waliosimama mbele ya kasisi. Kasisi hakwenda Vidin kuhakikisha. Bibi arusi alihitaji ubini, na huu ndio uliokuwapo.

Jina la pili linatoka kwa wanafamilia na waandishi wa wasifu: Szász, au kwa umbo la Kijerumani lenye heshima zaidi, von Sass. Neno Szász kwa Kihungaria maana yake ni Msaksoni, mtu wa jamii ya Wajerumani walioishi Transylvania tangu zama za kale. Ni jina la kawaida mno huko. Kutafuta mtoto wa Szász katika vitabu vya ubatizo vya Transylvania ni sawa na kutafuta mtoto wa Njeru katika Embu bila kujua tarafa. Ile von ya mbele nayo ni dai la utu wa kabaila. Maoni yangu ni kwamba tuipokee kwa tahadhari. Ukoo wenye fahari ulikuwa na kila sababu ya kutamani kwamba yatima aliyeingia kwao awe binti wa watu wakubwa, na yatima mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kutamani hivyo.

Mwaka 1866 Samuel alipewa cheo cha usiri wa heshima, na Florence akawa Lady Baker. Hilo likawa jina la tatu. Hata hivyo, uvumi ulikuwa umefika kwa Malkia Victoria kwamba wawili hao waliishi pamoja kabla ya ndoa, na malkia akakataa kumpokea. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri alimwajiri Samuel kwa pauni 10,000 kwa mwaka aende kukomesha biashara ya watumwa katika Nile ya juu. Florence akaenda tena. Aliandika shajara. Aliwaona watu waliofungwa minyororo, watoto waliotenganishwa na mama zao, na baadhi ya watoto waliokombolewa wakalelewa nyumbani mwake. Tusisahau upande wa pili: msafara huo ulikuja pia kuitwaa nchi. Mnamo Mei 1872 Samuel alitangaza Bunyoro kuwa mali ya Misri. Kabalega, mwana wa Kamurasi, alikataa. Mnamo Juni vita vilipigwa Masindi, mji ukateketea, na akina Baker wakakimbia kwa miguu kuelekea kaskazini, wakishambuliwa njiani. Mtoto wa Nagyenyed alikuwa amekimbia mji unaowaka kwa mara ya pili, safari hii akiwa upande wa waliowasha moto.

Waacholi, ambao ngome ya Patiko ilikuwa kwao, walimwita Anyadwe, binti wa mwezi. Katika majina yake yote hili pekee ndilo linalomtaja kama binti wa yeyote bila kumsingizia mtu.

Kuanzia mwaka 1874 waliishi Sandford Orleigh, nyumba kubwa huko Devon. Alielewana na mabinti wa mumewe, akawa mwenyeji hodari. Gordon alipowatembelea mwanzoni mwa 1884 akitaka Samuel arudi Sudan, Florence alikataa katakata kwenda, na Samuel hangeenda bila yeye. Samuel alifariki Desemba 1893. Florence alifariki nyumbani humo tarehe 11 Machi 1916.

Shajara yake ilibaki katika familia. Mwaka 1972 Anne Baker, mwanamke aliyeolewa katika ukoo huo, aliichapisha, na ndipo habari za Vidin zilipoanza kujulikana kwa wasomaji wengi. Shajara inaeleza Nile, maradhi, vita, nguo zilizofuliwa na mbegu zilizopandwa. Mwandishi wake aliishi miaka 57 baada ya Vidin, akijua kusoma na kuandika, akiwa na kalamu na muda wa kutosha.

Maswali ya kudurusu

1. Kitabu cha ndoa cha mwaka 1865 kinamtaja Florence kama Finnian. Eleza sababu mbili za kutoichukua habari hiyo kama ushahidi kamili wa nasaba yake. (alama 4)

2. Linganisha jinsi Samuel Baker anavyosimulia asili ya Saat na anavyonyamazia asili ya mkewe. Ukimya huo ulimfaidi nani? (alama 6)

3. Ukirejelea maisha ya Florence na ya Dick au Mwaliko katika Chozi la Heri, jadili jinsi kuuzwa kwa mtoto kunavyoathiri utambulisho wake. (alama 10)