Bugatti: Gari la wafalme lililokosa mfalme

Ukisikia Bugatti, akili yako inaenda kwa mkwanja, sivyo? Basi skiza. Ettore Bugatti, aliyezaliwa Milan, Italia, 1881, aliwahi kuunda gari likadoda.

Babake, Carlo, alisifika kwa kubuni fanicha. Ettore akageukia injini, na 1909 akaanzisha kiwanda Molsheim, mji ambao siku hizi uko Ufaransa. Magari yake mepesi yalitesa kwenye mbio; Type 35 ilikuwa noma. Kisha akaota makubwa: Royale, ndai ya wafalme, urefu zaidi ya mita 6, injini ya lita 12.7. Alipanga kuunda 25. Uchumi wa dunia ukaporomoka 1929. Akaunda 6, akauza 3 pekee. Hakuna mfalme aliyenunua.

Wewe ungefanyaje? Yeye hakukunja mikono. Injini zile zile alizitia kwenye treni, na watu wa reli Ufaransa wakazinunua. Kiwanda kikapata pumzi.

1939, mwanawe Jean alifariki akijaribu gari la mbio. Vita vikaja, na Royale ambazo hazikuuzwa zikafichwa nyuma ya ukuta ili Wanazi wasizibebe. Ettore alifariki Paris 1947.

Hakuona 1987, wakati moja ya Royale zilizokosa mnunuzi enzi zake ilipopigwa mnada London kwa pauni milioni 5.5.

Kwa hivyo kazi yako ikikosa soko leo, usiitupe. Itafutie treni yake kwanza.