Milton Hershey, Tajiri wa Chokoleti na Mayatima Wake

Ndugu msomaji, hebu jifanye uko likizoni ugenini, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, na mvua imenyesha tangu alfajiri. Ulikuwa umepanga kwenda kwenye bustani ya bembea, lakini sasa umejikunyata kibarazani mwa duka, viatu chapachapa. Unainua macho, lo! Taa za barabarani zina umbo la peremende ya chokoleti, nyingine imefungwa kwa karatasi yake, nyingine iko wazi. Unauliza barabara hiyo yaitwaje. Unaambiwa ni Barabara ya Chokoleti, na ile inayokatana nayo ni Barabara ya Kakao. Mji wenyewe unaitwa Hershey. Bembea zile, kiwanda, hoteli, uwanja wa michezo na shule iliyo nje kidogo ya mji, vyote vilianzishwa na mtu mmoja, na mtu huyo darasa lake lilikuwa la nne tu.

Milton Snavely Hershey alizaliwa tarehe 13 Septemba, 1857, katika shamba lililokuwa hapo hapo, wakati mahali pale palipokuwa kijiji cha ng'ombe na mahindi. Baba yake, Henry, alikuwa mtu wa ndoto nyingi na pesa chache. Leo analima, kesho anakimbilia mafuta ya petroli, keshokutwa ana jambo jingine jipya, na kila mara jamaa walihama naye. Mama yake, Fanny, alikuwa mwanamke mkali, mchapa kazi wa ukoo wa Mennonite, na hakuwa na subira na ndoto za mumewe. Dada yake mdogo alifariki akiwa bado mtoto. Kwa kuhamahama huko, Milton aliingia shule hii akatoka ile, mwishowe akaacha masomo kabisa.

Akapelekwa kwa mpiga chapa wa gazeti awe mwanagenzi. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Inasemekana siku moja kofia yake iliangukia ndani ya mtambo, na mwajiri akaona heri waachane. Wengine husema kofia haikuanguka bure bali iliangushwa. Hapo mama akamtafutia nafasi kwa mtengeneza peremende mmoja mjini Lancaster. Mwaka ulikuwa 1872. Kijana akakaa huko miaka minne akijifunza kuchemsha sukari, na wanaojua upishi watakubali kwamba sukari ina wivu: ukigeuka kidogo tu imeungua.

Mwaka wa 1876 akaenda Philadelphia kufungua duka lake, akiwa na umri wa miaka 18. Usiku alipika, mchana aliuza. Mama yake na shangazi yake Mattie (kwa kweli ni mama yake mkubwa au mdogo, kwani alikuwa nduguye Fanny) walikuja kumsaidia kufunga peremende kwa karatasi. Miaka sita alihangaika, deni likapanda, afya ikashuka, na mwaka wa 1882 duka likafa. Akamfuata baba yake Denver, mbali sana magharibi. Huko alipata kazi kwa mtu aliyetengeneza karameli, ile peremende laini ya sukari iliyochemshwa hadi ikawa rangi ya kahawia. Jamaa huyo alikuwa na siri: alitia maziwa mabichi, si mafuta ya nta kama wengine. Milton akaiweka siri hiyo kichwani. Akajaribu bahati Chicago, akaenda New Orleans, kisha New York, ambako alifungua biashara nyingine. Mwaka wa 1886 hiyo nayo ikafilisika.

Wacha niseme ukweli, hapa ndipo nilipomwonea huruma. Alirudi Lancaster akiwa na karibu miaka 30, mikono mitupu, na mizigo yake imezuiliwa kituoni kwa kukosa nauli ya kuikomboa. Wajomba zake waliokuwa wamemkopesha zamani hawakutaka hata kumsikia. Aliyemfungulia mlango ni Henry Lebkicher, mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wake kule Philadelphia. Ndiye aliyempa pa kulala na kulipia mizigo ile. Msomaji, kumbuka jina hilo, maana vitabu vingi hulipita haraka.

Akaanza upya na karameli ya maziwa. Mara hii Mwingereza mmoja aliyekuwa akinunua bidhaa za kusafirisha kwao alizionja, akaagiza shehena kubwa. Malipo yake yalifika wakati deni la benki limeiva. Kuanzia hapo mambo yalinyooka, na katika miaka ya 1890 kampuni yake ya karameli ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu moja.

Mwingine angetulia hapo anenepe. Lakini mwaka wa 1893 Hershey alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia kule Chicago, akasimama mbele ya mitambo ya Mjerumani mmoja kutoka Dresden. Mitambo hiyo ilikaanga mbegu za kakao, ikazisaga na kutoa chokoleti. Akainunua. Wakati huo chokoleti ya maziwa ilikuwa starehe ya matajiri, na Waswisi waliojua kuitengeneza hawakuwa na haja ya kumfundisha mtu. Shida yenyewe ni hii: maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, na kakao ina mafuta mengi. Maji na mafuta hayapatani, na maziwa yasipopunguzwa maji vizuri, chokoleti huharibika upesi. Yeye na watu wake walikesha wakichemsha na kumwaga, wakichemsha na kumwaga. Mwaka wa 1900 aliiuza kampuni ya karameli kwa dola milioni 1, akabaki na chokoleti peke yake. Kipande kimoja kiliuzwa senti 5, na bei hiyo haikupanda hadi mwaka wa 1969! Kumbe kilichokuwa kikipanda na kushuka ni ukubwa wa kipande. Sisi wateja wa kanteni hila hiyo twaijua sana, mandazi ni shahidi.

Mwaka wa 1903 akaanza kujenga kiwanda, na hakukijenga mjini bali alikozaliwa, palipo na maziwa, maji na reli. Watu walimcheka. Yeye akajenga pia nyumba za wafanyakazi zenye bustani, shule, reli ya tramu, na mwaka wa 1907 bustani ile ya kupumzikia. Barabara akazipa majina ya sehemu zilikotoka kakao, kama Caracas na Trinidad.

Mwaka wa 1898 alikuwa amemwoa Catherine Sweeney, aliyeitwa Kitty, msichana mcheshi wa asili ya Kiayalandi. Walipendana sana lakini hawakujaaliwa mtoto, na Kitty alikuwa mgonjwa muda mrefu. Tarehe 15 Novemba, 1909, wawili hao walitia saini hati ya kuanzisha shule ya wavulana mayatima katika lile shamba alikozaliwa Milton. Wavulana wa kwanza waliripoti mwaka wa 1910. Walipewa chakula, mavazi, kitanda na masomo bila karo. Bila karo, msomaji! Hakuna kurudishwa nyumbani katikati ya muhula. Lakini hawakulelewa kama mayai, kwani kulikuwa na ng'ombe wa kukamua kabla ya kiamsha kinywa, na ufundi wa kujifunza pamoja na vitabu.

Mwaka wa 1912 wenzi hao walikuwa Ulaya, na Hershey alikwisha lipa dola 300 za kushika nafasi katika meli ya Titanic. Shughuli za biashara zikamlazimu kuondoka mapema kwa meli nyingine. Kitty hata hivyo hakuishi sana. Alifariki mwaka wa 1915. Miaka mitatu baadaye, kimyakimya, mjane huyo aliikabidhi shule ya mayatima karibu mali yake yote, pamoja na hisa zake katika kampuni ya chokoleti. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 60. Magazeti yalikuja kugundua mwaka wa 1923, miaka mitano mizima imepita.

Sasa nifike penye mwiba. Hati ile ya 1909 ilisema shule ni ya wavulana mayatima Wazungu. Kijana mweusi, hata awe yatima wa baba na mama, hakuwa na nafasi, na msichana pia hakuwa na nafasi. Ilibidi wafike miaka ya mwisho ya 1960 ndipo sharti la rangi liondolewe, na miaka ya 1970 wasichana wakaingia. Wapo watakaosema ndivyo dunia ya wakati ule ilivyokuwa. Ni kweli, lakini mtu aliyebuni mji mzima kutoka shamba la mahindi hakukosa ubunifu. Mimi nasoma wema wake na kujua kwamba langoni ningegeuzwa.

Wafanyakazi nao walikuwa na lao. Mji haukuwa na meya wala baraza la kuchaguliwa, na mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye kila kitu. Wakati wa dhiki kuu ya miaka ya 1930, Hershey aliwapa watu kazi ya kujenga hoteli, ukumbi wa maigizo na uwanja wa michezo, na kwa hilo asifiwe. Hata hivyo Aprili 1937 wafanyakazi waligoma na kuketi ndani ya kiwanda wakidai chama chao kitambuliwe. Wakulima waliokuwa wakimwaga maziwa kwa kukosa mnunuzi walipandwa na hasira. Umati ukavamia kiwanda na kuwapiga wagomaji vibaya. Mzee alikuwa na umri wa miaka 79, na tukio hilo lilimuumiza. Alidhani ametoa kila kitu, kumbe hakuwa ametoa nafasi ya kuulizwa.

Katika Vita Vikuu vya Pili kiwanda kilitengeneza chokoleti ngumu ya wanajeshi, isiyoyeyuka upesi kwenye joto. Jeshi lenyewe liliagiza isiwe tamu sana, askari asije akaimaliza kabla ya kupata shida. Wengi waliichukia, lakini ilitengenezwa kwa mabilioni.

Jumba lake kubwa Hershey alikuwa amelitoa zamani liwe la wachezaji wa gofu, akajibakizia vyumba viwili vya ghorofani. Alikata roho tarehe 13 Oktoba, 1945, akiwa na miaka 88. Jeneza lake lilibebwa na wavulana wanane wa darasa la mwisho katika shule yake, wakamlaza kando ya Kitty na wazazi wake, kwenye makaburi ya mji unaoitwa kwa jina lake.