Andreas Vesalius na Majina ya Misuli

Andreas Vesalius alizaliwa Bruxelles tarehe 31 Desemba 1514. Baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa kaisari Charles wa Tano. Kijana alisoma Louvain, na mwaka 1533 akaenda Paris, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Jacques Dubois, aliyejulikana kwa jina la Kilatini, Sylvius.

Siku hizo anatomia ilisomwa kitabuni zaidi kuliko mwilini. Profesa alikaa kitini akisoma maandishi ya Galen, mganga Mgiriki wa karne ya 2, huku kinyozi akipasua maiti. Galen mwenyewe alikuwa amepasua kima, nguruwe na ng'ombe, kwa hiyo maneno aliyoyaacha hayakulingana kila mara na mwili wa binadamu.

Mwaka 1537 Vesalius alipata udaktari huko Padova, Italia, akaanza kufundisha upasuaji. Alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe. Mwaka 1538 alichapisha michoro sita ya anatomia. Kwa kuwa kiungo kimoja kilikuwa na majina mengi, aliyaweka pamoja majina ya Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu.

Kitabu chake kikuu, De humani corporis fabrica, kilitoka Basel mwaka 1543, naye ana miaka 28. Sehemu ya pili inahusu misuli. Mtu asiye na ngozi anasimama mbele ya mandhari ya vilima, na mchoro baada ya mchoro tabaka za misuli zinaondolewa. Misuli imewekewa herufi zinazompeleka msomaji kwenye maelezo. Hata hivyo, mingi aliitaja kwa namba tu, kama walivyofanya wa kale.

Sylvius alikasirika kuona Galen anapingwa. Mwaka 1551 alimshambulia mwanafunzi wake kwa maandishi, akimwita mwendawazimu. Lakini ni Sylvius huyo huyo aliyeipa misuli mingi majina badala ya namba. Mwanafunzi alionyesha kitu, mwalimu akakipa jina, na elimu ikawahitaji wote wawili.

Vesalius alimtumikia kaisari, kisha Philip wa Pili wa Hispania. Alifariki mwaka 1564 katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, akirudi kutoka Yerusalemu.

Hapa Bunia majina hayo yametufikia kwa Kifaransa, na mwanafunzi wa uuguzi huyakariri kama nyimbo. Kumbe maana zake ni nyepesi. Bisepsi ni msuli wa vichwa viwili, trisepsi wa vitatu, na deltoidi ina umbo la herufi delta ya Kigiriki. Neno la Kilatini la msuli lenyewe lilimaanisha panya mdogo.

Kiswahili nacho kina msuli, na kina kano inayoufunga msuli kwenye mfupa. Shida yetu ni neno mshipa, ambalo mdomoni mwa watu hubeba njia ya damu, neva, kano, na pengine msuli wenyewe. Mgonjwa akisema mshipa unamuuma, muuguzi anabaki na viungo vinne mbele yake, na kila kimoja kina matibabu yake. Kazi ya kuyatenganisha maneno hayo si ya waganga peke yao. Ni yetu pia sisi tunaosoma lugha, na tuianze kama Vesalius: tuulize kwanza mgonjwa anaonyesha wapi kwa kidole.