Walter Rodney na Jasho la Manamba

Aliyekulia Masanze, Kimamba au kwingineko wilayani Kilosa analijua neno manamba. Ndivyo walivyoitwa watu walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge wa mabepari. Ni wachache wajuao kwamba mmoja wa walioandika historia yao alizaliwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Ndugu Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi, 1942. Alisoma Jamaika, kisha London, ambako mwaka 1966 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya pwani ya Guinea na jinsi biashara ya utumwa ilivyowasibu wenyeji wake. Mwaka huo huo akaja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alirudi Jamaika. Serikali ya huko ikampiga marufuku, mji wa Kingston ukachafuka, naye akarejea kwetu mwaka 1969.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Desemba 1969 gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkaripia katika tahariri yake, maana alikuwa ametamka hadharani kwamba serikali za vibaraka barani Afrika ziangushwe kwa nguvu. Tanzania ilikuwa na majirani wa kuishi nao. Lakini hakufukuzwa, na mwaka 1972 Tanzania Publishing House ikakitoa kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Sisi twaona nchi yetu ilitenda vema mara zote mbili.

Habari za mkonge alizitafiti pamoja na Watanzania wawili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago. Mabavu ya mkoloni hayakukoma bunduki za Maji Maji ziliponyamaza. Yaliingia katika kodi, iliyomtoa mkulima shambani kwake akatafute fedha. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoteka nchi za Asia zilizotoa nyuzi, Waingereza waliwakamata watu wakawapeleka kwenye mkonge kwa amri.

Mwaka 1974 alirudi Guyana. Serikali ikamnyima kazi ya chuo kikuu, naye akaingia katika siasa za upinzani pamoja na wafanyakazi. Tarehe 13 Juni, 1980, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lilimwua akiwa na umri wa miaka 38. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 2016, iliona kwamba dola ilikuwa na mkono katika mauaji hayo.

Kitabu cha manamba kilitoka Hamburg mwaka 1983. Rodney hakukiona. Wala wazee wetu waliokata mkonge ule, wakazeeka na kuzikwa huku Kilosa, hawakukisoma, kwa kuwa kiliandikwa kwa Kiingereza.