Cronstedt: Aliyeona jiwe likichemka

MVUA za masika zikiteremka kutoka Milima ya Uluguru, mbolea aliyoinunua mkulima wa Mzinga, mkoani Morogoro, huweza kuyeyuka na kufuata Mto Mzinga hadi Bwawa la Mindu. Madini yanayoweza kupunguza hasara hiyo yalipewa jina na ofisa wa migodi wa Sweden, zaidi ya miaka 250 iliyopita.

Axel Fredrik Cronstedt alizaliwa mwaka 1722, akasoma Uppsala, kisha akaingia idara ya serikali iliyosimamia migodi. Mwaka 1751 alitangaza metali mpya kutoka mgodi wa Los. Ndiyo nikeli, hiyo hiyo iliyolala ardhini Kabanga, wilayani Ngara. Wapo wenzake waliokataa kumwamini, wakidai ni mchanganyiko tu wa kobalti, chuma, shaba na arseniki.

Hakukata tamaa. Silaha yake ilikuwa kibomba cha kupulizia mwali wa moto juu ya kipande cha jiwe. Mwaka 1756 jiwe moja lilifura na kutoka povu mfano wa uji jikoni. Kumbe lilikuwa limeficha maji! Akaliita zeoliti, yaani, kwa Kigiriki, jiwe linalochemka.

Vijitundu vinavyoficha maji hayo hushika pia naitrojeni ya mbolea iliyo katika hali ya amonia, na kuiachia polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mjini Morogoro, waliijaribu zeoliti ya asili ya Mapogoro, kusini-magharibi mwa Tanzania, pamoja na mawe ya fosfeti.

Cronstedt hakuyaona hayo. Kitabu chake kikuu cha madini, cha mwaka 1758, kilitoka bila jina lake. Alifariki mwaka 1765 akiwa na miaka 42, na nikeli yake ikathibitishwa na Torbern Bergman mwaka 1775.

Katika miaka ya 1940 mkemia Richard Barrer alitengeneza zeoliti maabara. Tangu miaka ya 1980 inafahamika kwamba hata majivu ya makaa ya mawe, taka inayorundikana kwenye mitambo ya umeme duniani, yana silika na alumina za kutosha: yakichemshwa kwa saa kadhaa ndani ya maji ya kostiki soda, hugeuka zeoliti. Ila majivu hayo huweza kubeba arseniki na risasi, hivyo yanapaswa kupimwa kabla ya kupelekwa shambani.